Pembe Moja ya Bi Choroa

Sogeeni huku, mliokaa juani mtaungua bure. Hizi ni habari za wakati ambao choroa alikuwa akinywa maji kama wanyama wengine, tena akinywa sana, na kwa kelele.

Wakati huo nyika yote ilikuwa na bwawa moja, na bwawa hilo lilikuwa na adabu zake. Huwezi kufika ukatumbukiza mdomo tu. Ukifika unasimama, unawageukia uliowakuta, unainamisha kichwa mpaka kidevu kiguse kifua, unawauliza hali zao na za watoto wao, nao wanakuuliza zako. Ndipo unapokunywa. Wenye kiu kali waliiona adabu hiyo ni mateso, lakini ndiyo iliyozuia watu kupigana mateke majini.

Bi Choroa aliifuata kama wote. Alikuwa na mtoto mmoja mdogo na huzuni moja kubwa: hakuna aliyemwona. Twiga akipita, watu walinyoosha shingo. Punda milia akipita, watu waliulizana ni fundi gani aliyempaka zile rangi. Bi Choroa akipita, watu walisema leo kuna vumbi. Alikuwa na pembe mbili ndefu, zimenyooka kama fimbo, na hata hizo hakuna aliyezisifu. Nyati alipozitaja, ilikuwa kumwomba amkune nazo mgongo.

Siku moja akatokea mgeni wa nchi za baridi, amepanda ngamia, amefungua mwavuli, pua imeiva kwa jua. Alimkuta Bi Choroa amesimama kando ya mgunga, amempa ubavu. Kutoka pale alipokuwa, pembe ya huku iliifunika pembe ya kule. Mgeni alishuka ngamiani, au tuseme kweli, alianguka, akapiga magoti mchangani na kusema kwamba ameizunguka dunia nzima, na hajapata kuona uzuri kama wa mnyama huyu wa pembe moja.

Bi Choroa alifungua mdomo amsahihishe. Halafu akaufunga. Tangu azaliwe hajapigiwa magoti, na aliona si vizuri kumharibia mtu safari.

Mgeni akataka kumwona kwa mbele. Bi Choroa akageuka kidogo. Mgeni akazunguka, naye akazunguka, wakaenda hivyo kama ngamia wa kinu cha mafuta, mpaka ngamia mwenyewe aliyekuwa akiwatazama akashikwa na kizunguzungu akaketi. Mgeni akaamua kwamba hiyo ndiyo ngoma ya kukaribisha wageni. Akamchora kwa mkaa juu ya kipande cha ngozi, pembe moja katikati ya paji la uso, akamwongezea na kidevu chenye ndevu ambazo Bi Choroa hakuwa nazo, kisha akaenda zake akiimba sifa za pembe moja, nyika nzima ikimsikia.

Sasa mtauliza, majirani je? Majirani walizijua pembe mbili, walikuwa wakizitazama bwawani kila asubuhi. Lakini aliyesema moja alikuwa ametoka mbali, na nyika nzima ilikuwa na maradhi hayo: neno lililotoka mbali lilikuwa zito kuliko macho yao wenyewe. Kikaitishwa kikao. Ikaonekana kwamba wao ndio waliokuwa wakihesabu vibaya miaka yote, na Nyati akaomba radhi kwa niaba ya wenzake. Bi Choroa akapewa cheo cha Bi Mkubwa wa Pembe Moja, na ikawa ni utovu wa adabu kumtazama usoni.

Aliyekataa ni jirani yake Ngiri, ambaye hakuwa na uzuri wa kulinda na kwa hiyo alisema alichotaka.

"Shoga, mimi nimekua na wewe," alimwambia. "Pembe zako ni mbili."

"Ulizihesabu umesimama wapi?"

"Mbele yako."

"Basi hapo ndipo ulipokosea. Watu wa heshima hutazamwa ubavuni."

Ngiri akasema, "Haya," akarudi shimoni kwake kinyumenyume kama kawaida yake.

Cheo kilikuwa kitamu, ila kilikuja na kiu. Bi Choroa angekwendaje bwawani? Kule lazima uwageukie watu na kuinama, na ukiinama mbele ya watu, pembe mbili ni pembe mbili. Akaanza kutoa udhuru. Leo mtoto ana homa. Leo yeye mwenyewe hajisikii. Alfajiri alilamba umande kwenye majani, mchana alitafuna matango ya porini na mizizi yenye majimaji. Siku za mwanzo aliota bwawa hata akiwa amesimama. Baadaye mwili ukakasirika, halafu ukachoka kukasirika, mwishowe ukazoea.

Habari za pembe moja zikafika kwa Simba. Huyu kwa miaka mingi alikuwa akimpitia mbali Bi Choroa, kwa sababu pembe mbili humziba mtu pande zote. Pembe moja ilikuwa hesabu nyingine kabisa. Alifikiri, upande mmoja utakuwa wazi, na upande huo ndiko atakakokuwa mtoto.

Akaja siku wanyama walipokusanyika kumvisha Bi Mkubwa taji la maua ya mgunga. Bi Choroa alikuwa amesimama ubavu, shingo juu, kila mtu akimsifu. Simba aliingia kwa upole kama mgeni mwalikwa, akaketi nyuma ya mtoto, karibu kiasi cha pumzi zake kumpeperusha manyoya. Umati ukarudi nyuma. Mtoto hakujua la kufanya, akaanza kumwamkia.

"Usisumbuke, bibi," Simba alisema. "Nimekuja kuuona uzuri tu. Endelea kusimama hivyo hivyo."

Bi Choroa aliwaona wote wakimtazama: Nyati aliyeshika taji la kumvisha, Twiga, Punda milia aliyekuwa haongei na wenye rangi ya vumbi. Akigeuka, yote yamekwisha leo. Asipogeuka, mtoto. Wanaosema alifikiri sana wanamsingizia. Aligeuka hata taji lililomponyoka Nyati halijafika chini.

Aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua, na pembe mbili zikamtazama Simba, moja kila jicho.

"Lakini walisema ni moja," Simba alinung'unika.

"Waliosema wamerudi kwao," alijibu Bi Choroa. "Wewe uko hapa."

Ile ya kushoto ilimpata Simba tako la kulia, alipokuwa tayari ameamua kuondoka. Alipotelea vichakani akichechemea, mkia ameufyata.

Hakuna aliyejua aangalie wapi. Kisha kutoka shimoni ikasikika sauti ya Ngiri, taratibu, kama anayemfundisha mtoto: "Moja. Mbili."

Bi Choroa akacheka mpaka akakaa chini, na mtoto wake akamlalia miguuni.

Kesho yake aliongozana na Ngiri mpaka bwawani, akawageukia watu wote, akainama, akauliza hali za kila mmoja. Halafu akayatazama maji, akaona hana kiu.

Na tangu siku hiyo choroa anakaa nyika kavu kabisa, na maji kwake ni jambo la kupata akikumbuka. Kule kwa yule mgeni hakuna aliyekwenda kurekebisha habari. Mnyama wa pembe moja bado wanamchora, na ndevu zake vilevile. Mimi nilionyeshwa picha yake ukutani nchi za watu, nikacheka mpaka nikaombwa kwa heshima nikacheke nje. Ninyi ambao hamjasafiri, ikitokea mmekutana na choroa porini, akawageukia uso na kuinamisha kichwa mpaka kidevu kiguse kifua, msisimame kumjibu. Hawasalimu.