Sufuria ya Mtu Mmoja

Soma taratibu, kisha mtumie mtani wako.

Mzee Gama, Mngoni aliyestaafu kazi ya kupima ardhi, aliishi Tabora. Mkewe, Bi Theodora, alipofariki, jirani yao Lugusha aliingia kaburini kabla ya jeneza akagoma kutoka mpaka apewe jogoo. Lugusha ni Mnyamwezi, na Wangoni na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za mababu. Siku ile Mzee Gama alicheka huku machozi yakimtoka, na wema huo hakuusahau.

Miezi mitatu baadaye alimweleza Lugusha aibu yake: kila akisonga ugali, unatoka wa watu wawili, tena umeungua. Lugusha alimcheka wiki nzima.

Kisha simu ikaanza. Kila Mzee Gama alipoifungua asome habari, lilitokea tangazo la sufuria ya mtu mmoja. Likafuata la mafunzo ya upishi kwa wagane. Mwisho likaja la kumtafutia mke.

Alijiuliza ni nani aliyeijua hali yake. Jina lilikuwa moja tu. Akaacha kwenda kwa Lugusha, na salamu zake akawa anaziitikia kwa mbali.

Siku ya kumi na moja Lugusha alipiga hodi, akaketi bila kukaribishwa, akatoa simu yake.

"Mngoni, siri yangu umemuuzia nani?"

Kwenye kioo palikuwa na tangazo la meno ya bandia. Ni Gama peke yake aliyeambiwa kwamba magego ya Lugusha yanalegea.

Mzee Gama naye akatoa simu yake, akamwonyesha sufuria. Wakatazamana.

"Mimi siri yako naitangaza msibani, nawe umekaa hapo hapo," Lugusha alisema. "Kuiuza, sijawahi."

"Basi hayo meno ulimwambia nani mwingine?"

Lugusha alifikiri. "Hakuna. Niliiuliza simu tu."

Mzee Gama aliinamisha kichwa. Yeye pia aliiuliza simu: ugali wa mtu mmoja unataka unga kiasi gani? Na tangu aliponunua simu hiyo, kila ilipomwomba ruhusa alibonyeza "Nakubali" bila kusoma, yeye ambaye kazini hakuwahi kutia saini ramani kabla ya kupima mipaka mara mbili.

Wakavaa miwani, wakazifunga ruhusa moja baada ya nyingine, wakafuta na yote waliyowahi kuuliza.

Baada ya wiki mbili simu ilimtangazia Mzee Gama nepi za watoto wachanga. Alifurahi sana. Ilikuwa haimjui tena.

Jioni hiyo alisonga ugali wa watu wawili, makusudi. Lugusha alimega tonge, akatafunia upande wenye meno mazima.

"Umeunguza tena, Mngoni."

Mzee Gama akamwongezea mboga.

Funzo: Anayeijua aibu yako akakucheka usoni, mshike; anayeijua akanyamaza, ana kitu cha kukuuzia. Na kabla hujamshuku mwenzako, jiulize ni wapi wewe mwenyewe ulisema "Nakubali".