Mtoto Asiyeshushwa Chini

Aliyetusimulia kwanza habari hii ni shangazi yetu Nakijwa, mwaka 1964, tukipukuchua mahindi. Mambo hayo aliyaona mwenyewe akiwa msichana. Naitoa kama alivyoitoa.

Paukwa!

Pakawa!

Kaeni vizuri basi, msikie ya zamani, ya kijiji cha mlimani chenye njia moja.

Palikuwa na nyumba ambamo mtoto hashushwi chini. Mtoto mmoja wa nyumba hiyo alitambaa, akaingia motoni, akafa. Tangu hapo Mandia, mama yake Nakijwa, akaweka mwiko: mtoto ni wa mgongoni mpaka aweze kutembea.

Namweta, mke wa mwanawe, akajifungua mtoto wa kiume, Shauri. Asubuhi mgongoni. Mchana mgongoni. Jioni mapajani kwa bibi. Meno yakaota, Shauri hatambai. Wenzake wakatambaa, wakasimama, Shauri hatambai.

Wazee wa ukoo wakakaa kikao. "Huyu ni kiwete. Tukishavuna, mama yake arudi kwao, aende na mtoto wake."

Namweta akamwendea Mzee Semboja, msuka vikapu, aliyefiwa na mke akalea watoto peke yake. Mzee akaja, akamshika Shauri miguu. Shauri akamtupia teke.

"Kiwete gani huyu mwenye teke la mbuzi? Mama Nakijwa, ameshushwa chini lini?"

"Hashushwi. Wewe moto unaujua, Mzee Semboja? Ulikuwepo siku ile?"

Mzee akakata mianzi, akayazungushia mafiga ua. "Utikise," akasema. Mandia akautikisa kwa mikono miwili. Haukutikisika.

"Haya, mshushe."

Wakatandika mkeka, wakamlaza Shauri kifudifudi, kabla hajanyonya, asije akatapika. Waa! Waa! Mandia akanyoosha mikono.

"Mama, ngoja kidogo," akasema Namweta.

Mzee Semboja, na mvi zake, akalala chini kwa tumbo, uso kwa uso na mtoto. "Bu!"

Shauri akanyamaza. Akainua kichwa. Akacheka. Alipochoka wakamwinua. Kesho yake tena. Na kesho yake tena.

Mikono ikapata nguvu. Siku moja akajisukuma: sururu, sururu. Akaenda kinyumenyume. Majirani wakaangua kicheko.

"Semboja! Tuliomba mtoto, umetupatia kaa wa mtoni!"

Mandia akashika kichwa. "Wazee wakiliona hili, mkwe wangu amekwenda!"

"Mikono imetangulia," Mzee akasema. "Miguu haina pa kukanyagia."

Akaweka viganja vyake nyuma ya nyayo za mtoto. Hakumsukuma. Aliviweka tu. Shauri akakanyaga, pu! Akasogea mbele. Pu! Mbele tena.

Mavuno yakaisha. Wazee wakaja. Namweta akamlaza mwanawe mkekani, akakaa upande wa pili, akamwita. Mzee Semboja akasogea mbele.

"Wewe kaa kando," wakamwambia. "Mtoto si wako."

Shauri akajisukuma: sururu, nyuma. Wazee wakaguna.

Mandia akapiga magoti nyuma ya mtoto, akaweka viganja vyake nyuma ya nyayo zake.

Pu! Shauri akasogea. Pu! Pu! Akamfikia mama yake, akamvuta kanga.

Mkubwa wa ukoo akakohoa. "Huyu mama haendi popote. Tuleteeni chakula."

Shangazi alisema funzo lake ni hili: ondoa hatari sakafuni, kisha mshushe mtoto. Akikwama mpe pa kukanyagia, mwendo mwachie mwenyewe.

Nami sina la kuongeza. Mzee Semboja alikufa kwanza, akafuata Mandia, kisha Namweta, kisha shangazi Nakijwa. Shauri yuko hai, na anakaa katika nyumba hiyo hiyo.