Hakuna Weupe Kwenye Matete

"Aliyeua yangeyange asimlaumu tembo."

Methali hii ilianza hivi, Mzee Gaspari aliwaambia wajukuu zake, waliokuwa wametoka kuisikia kwa mwenyekiti kwenye mkutano wa kijiji. "Na nawaapia kwa kaburi la mama yangu, ni kweli tupu. Chumvi nimeiacha jikoni."

Zamani tembo wa bonde hili walishinda kwenye matete marefu kuliko wao. Tembo ni mkubwa, lakini humo ndani humwoni mpaka umguse. Anayemtangaza ni yangeyange, ndege mweupe anayeandamana naye akidonoa panzi wanaokurupushwa na miguu yake. Kwa hiyo wanawake hawakuingia kukata matete ya mikeka ya kuanikia mpunga kabla mtu hajapanda kichuguu kusoma ndege.

"Weupe uko wapi?" waliuliza kutoka chini.

"Uko kwa mto!" Nao wakaenda upande mwingine.

Msomaji hodari aliitwa Likwati. Huyo, alisema Mzee Gaspari, aliweza kuona kope za yangeyange akiwa mbali kule Mahenge. Basi mwaka mmoja ndege aina ya kwelea wakavamia mpunga wake kama wageni wa msibani wasio na haya. Likwati akachukua dawa ya kuogeshea ng'ombe, akainyunyiza ukingo mzima wa bwawa la matete. Kwelea wakapukutika. Panzi wakapukutika. Yangeyange wakala panzi.

Siku ya tatu akawakuta kando ya mfereji, kumi na saba, miguu juu. Angesema, wangemshusha kichuguuni, na kusoma ndege ndiyo heshima pekee aliyokuwa nayo. Akawafukia, akanawa mikono, akanyamaza.

Kesho yake mkewe akaja na mundu.

"Haya bwana, weupe uko wapi?"

Likwati akatazama. Matete yalikuwa kijani kibichi mwanzo hadi mwisho.

"Mbona kimya? Umesinzia huko juu?"

"Hakuna weupe," akasema. Na haukuwa uongo.

"Basi naingia."

Akamwona akipenya kwa bega, kitambaa chake chekundu kikipungua, kikapotea. Alifungua mdomo amwite, akaufunga. Ndipo matete yakatikisika mahali pasipo na upepo.

"Toka!" akapiga ukelele. "Eufemia, toka!"

Mzee Gaspari akajiuma ulimi. Wajukuu wakatazamana, maana Eufemia ni bibi yao.

"Majina hufanana," babu aliharakisha. "Tembo akamzoa yule mama kwa mkonga, akampeleka mpaka kichuguuni, akamshusha taratibu kama mtungi wa maji, akamsonya mumewe, akaenda zake."

"Tembo anasonya, Babu?" aliuliza Yusta.

"Wa zamani walisonya."

"Hakunishusha popote," ilisema sauti ya Bibi Eufemia, aliyekuwa amesimama mlangoni, fimbo mkononi. "Alinirusha. Alikuwa na ndama, angefanyaje? Nyonga ikavunjika, nayo hunitangazia mvua mpaka leo. Na huyo Likwati wenu, mwulizeni alibatizwa jina gani."

Wajukuu wakacheka, kisha wakaacha, kwa sababu babu yao hakucheka.

"Umekamatwa na uongo, Babu," alisema Yusta kwa upole. "Lipa faini."

"Nilipe nini? Sina hata karanga."

"Lipa ukweli," alisema Bibi Eufemia. "Waambie walipokuja na mikuki."

Mzee Gaspari alivua kofia, akaipakata magotini.

"Walikuja kijiji kizima," alisema. "Bibi yenu amelala kwenye machela, hajitambui, na wao wanataka damu ya yule tembo na ndama wake. Wakaniita niongoze, mimi mwenye mke. Nikawaongoza. Ila sikuwapeleka kwenye matete. Niliwapeleka mferejini, nikafukua kwa mikono. Manyoya yalikuwa bado meupe."

"Wakasema nini?"

"Hakuna aliyesema. Walishusha mikuki mmoja mmoja. Tangu siku hiyo sijapanda kichuguu, wala sijaombwa." Akamtazama mkewe. "Mimi ndiye niliyesema. Nilisema neno moja tu, na sikujua kwamba watalishika na kulifanya methali."

"Sema basi," alisema Bibi Eufemia.

Akalisema polepole, bila chumvi:

"Aliyeua yangeyange asimlaumu tembo."