Bega la Ndeshi

Sogeeni, wakubwa kwa wadogo. Kisa cha leo nimekizunguka siku nyingi bila kuuona mlango wake, basi nawaletea ninyi.

Katika mji wa Moshi, ambako maji ya bwawa hubaki baridi hata jua linapowaka, waliishi watu watatu, kila mmoja na kipawa chake. Mama Nakijwa, mfagiaji wa klabu moja yenye bwawa la kuogelea, alikuwa na kiganja: mtoto aliyelalia kiganja hicho majini aliacha kuogopa. Kocha Shirima alikuwa na hesabu: alikaa ukingoni, akamtazama mtu akiogelea mara mbili tu, akakwambia atafika ukutani kwa kupiga mikono mingapi. Na Rukia Msangi alikuwa na mwendo: ukiogelea kando yake ulijikuta unakwenda kasi kuliko ulivyojijua.

Wa nne alikuwa Ndeshi. Yeye alijiona hana kipawa chochote. Alikuwa na mgongo na mabega mawili; mengine yote, alisema, alipewa.

Alipewa hivi.

Akiwa na miaka minane, wenzake walimsukuma bwawani. Alikunywa maji, akatolewa, akaapa kutorudi. Mama Nakijwa aliweka fagio chini, akaingia majini na gauni lake la kazi.

"Lala chali, mwanangu. Tazama mawingu."

"Nitazama, mama."

"Utazamia wapi, na mkono wangu upo?"

Ndeshi akalala. Ili asiogope, akaanza kusimulia habari za mbuzi wao aliyezaa mapacha. Alipogeuza shingo, Mama Nakijwa alikuwa mbali, mikono kiunoni.

"Umeutoa lini mkono?"

"Tangu yule mbuzi hajazaa."

Kuanzia siku ile Ndeshi aliogelea chali, na hakutaka mtindo mwingine.

Lakini anayeogelea chali haoni aendako. Ukuta humjia kisogoni. Ndeshi aliugonga kwa kichwa mara tatu katika mwezi mmoja, na mara ya tatu akashonwa nyuzi nne.

"Kichwa chako si nyundo," Kocha Shirima alimwambia, "na ule ukuta si msumari. Njoo tuhesabu."

Klabu haikuwa na zile bendera ndogo zinazoning'inizwa juu ya maji kumwonya mwogeleaji kwamba ukuta umekaribia. Kocha alichana kitenge cha mkewe, akafunga vipande kwenye kamba, akaitundika mita tano kabla ya ukuta. Moja, mbili, tatu, nne, ukuta. Mwaka uliofuata aliitoa kamba, akamfunga Ndeshi kitambaa machoni, akamfundisha kuhesabu mikono tangu mwanzo hadi mwisho. Kila bwawa waliloingia, la mji huu au la mji mwingine, Kocha alilipatia namba yake ya mikono. Mkewe alikuja kukiulizia kitenge, akakiona, akaondoka bila neno. Kocha alisema afadhali angefoka.

Rukia naye aliogelea katika njia ya pembeni mwa Ndeshi kwa miaka saba. Ulipofika wakati wa kumchagua mmoja wa kwenda mashindano ya bara zima, yeye na Ndeshi waligusa ukuta pamoja. Saa iliwapa muda uleule, hadi tarakimu ya mwisho. Waamuzi wakasema warudie kesho asubuhi. Asubuhi Rukia alikuja amevaa dera na ndala.

"Nguo yako ya kuogelea iko wapi?" Ndeshi aliuliza.

"Imelala. Na mimi nimelala. Nenda wewe."

"Rukia, usinifanyie hivi."

"We Ndeshi, mimi mbele ya watu wageni natetemeka mpaka meno. Wewe ukilala chali huwaoni. Nenda, utuletee kitu."

Ndeshi akaenda. Katika mbio za mita mia, aliporuka tu, ukanda wa miwani ulikatika na macho yakajaa maji. Hakuiona dari, hakuziona bendera. Mwili wake ulilala juu ya maji kama ulivyolazwa na kiganja kile. Akahesabu thelathini na tisa, akageuka bila kugonga. Na katika mita za mwisho, mikono ilipotaka kumgomea, alijiambia kwamba Rukia yuko kushoto kwake na amemtangulia kidogo, akamkimbiza mpaka mwisho. Akawa wa pili barani, akapata nafasi ya kwenda mashindano ya dunia. Mpaka leo hajui ni lipi kati ya hayo matatu lingeweza kukosekana.

Ila alipougusa ule ukuta, kitu kilikatika begani.

Daktari wa mifupa alimwonyesha picha mara mbili, kisha akaizima taa ya nyuma yake.

"Kano imebaki nyuzi chache. Kuishi utaishi vizuri, utapika, utalea. Lakini kuogelea kwa nguvu zako zote, bega hili lina mbio moja. Baada ya hapo halitainuka tena hivyo."

"Upasuaji je?"

"Upasuaji utakurudishia mkono wa kuanikia nguo. Wa mashindano, hapana."

"Nikiogelea polepole?"

"Polepole ogelea hata kila siku. Mimi nakwambia habari ya nguvu zote."

Ndeshi alirudi nyumbani, akalala chali kitandani, akatazama bati. Wale watatu walikuja siku ileile. Walikaa kwenye kochi moja, na mtori, supu ya ndizi aliyoileta Mama Nakijwa, ulipoa mezani bila mtu kuugusa.

Kocha ndiye aliyeanza. "Mwezi ujao ni mashindano ya dunia. Miaka thelathini nahesabu watoto wa watu mpaka ukutani, sijapata hata mmoja wa kumhesabia kule. Desemba nastaafu. Ndeshi, sina mwingine."

Rukia alikunja miguu. "Kocha, wewe umeshakaa kando ya mabwawa mangapi ya nje? Mimi hata pasipoti yangu ina kurasa nyeupe. Wiki mbili zijazo kuna mashindano ya nchi za kanda yetu. Kuogelea kwa kupokezana, wanne, na wa kwanza lazima aogelee chali. Bila Ndeshi hatuna wa kwanza, na bila wa kwanza hatuna timu. Nina miaka ishirini na sita. Sijawahi kuvaa nguo yenye bendera ya taifa."

"Ungeivaa, ukaitoa mwenyewe," Kocha alisema.

"Nilimwachia nani? Ukuta? Si huyu Ndeshi?"

Mama Nakijwa alikuwa akifunika bakuli. "Mimi yangu ni Jumamosi hii," alisema taratibu. "Klabu wanalifukia bwawa. Jumatatu malori yanaleta kifusi. Watoto watashindana kwa mara ya mwisho, na wameomba dada yao Ndeshi aogelee na wale waliokulia hapo."

"Mama, hiyo si anaogelea tu taratibu?" Rukia aliuliza. "Wampigie makofi, basi."

"Taratibu nimemwona mimi peke yangu kabla yenu wote. Akishindana sijamwona hata siku moja. Kila mnapompeleka, mimi nabaki na fagio. Naambiwa tu, Mama Nakijwa, mwanao kashinda. Nasema haya." Akageuza uso. "Nataka nione nilichokiachia mkono."

Kocha alivua miwani, akaipangusa, akaivaa, akaivua tena.

Ndeshi alijaribu kusema. Alipomtazama Kocha aliona haki. Alipomtazama Rukia aliona haki. Alipomtazama Mama Nakijwa alianza kulia, kilio cha mtoto, kamasi na yote, na mkono wa kufutia machozi haukufika usoni. Rukia ndiye aliyemfuta, kwa pindo la mtandio.

Hapo ndipo mambo yalipozidi kuwa magumu. Kwa maana kila mmoja alirudi nyuma.

"Basi mpe Mama," alisema Kocha.

"Mimi mtu mzima, nimekosa mengi na sikufa. Mpe Rukia," alisema Mama Nakijwa.

"Mpe Kocha," alisema Rukia. "Mimi nimeshazoea."

Na kila mmoja alimaanisha. Wakaaga, wakaondoka wakiwa wameshikana mikono, wamemwachia chumba kizima na bakuli la mtori. Walipokuwa wakidai, Ndeshi angalau alikuwa na wa kumkatalia. Sasa walikuwa wamemsamehe wote watatu, kabla hajawakosea.

Akafikiria kuwanyima wote. Akaona kwamba hilo nalo ni kuogelea, tena peke yake, kuelekea ukuta ambao hakuna aliyewahi kumhesabia. Akafikiria pia kwamba bega ni lake, na kwamba siku nzima hakuna mtu aliyemuuliza angependa kuliishia wapi. Akajiuliza mwenyewe. Akangoja. Hakusikia jibu.

Jumamosi ikafika. Watoto wamejaa ukingoni, wanaruka kujipasha joto. Mama Nakijwa amesimama mahali alipofagia miaka yote, leo hana fagio, amevaa gauni la kanisani. Kocha yuko upande wa pili, midomo inachezacheza, anahesabu bila kuambiwa. Rukia ameingia katika njia ya pembeni, kwa kuwa wenzao walimwomba aogelee na yeye, na amesema ataogelea taratibu. Hakuna anayemtazama Ndeshi machoni, wasije wakamlazimisha.

Ndeshi yuko majini. Ameshika chuma cha kuanzia kwa mikono yote miwili, miguu ukutani, mgongo umekunjika. Mwenye filimbi ameitia mdomoni.

Akijitupa kwa nguvu zake zote, Kocha na Rukia wamekosa, na hawatalalamika. Akienda taratibu, Mama Nakijwa ataona, atapiga makofi, naye hatalalamika. Na bado itabidi mmoja wa wale wawili akose.

Filimbi haijalia. Nyuzi zile chache nawawekea mikononi mwenu ninyi mnaonisikiliza. Wewe uliyekaa mbele, na wewe uliyeegemea mlango: mngekuwa na bega la Ndeshi, mngelimalizia kwa nani? Je, wewe ungeamua vipi?