Mashine Iliyokuja Chini ya Turubai

Usiku, watu wamelala, Somoe alisikia lori likipanda kilima taratibu, likikoroma kwa uzito. Alikuwa macho, ananyonyesha. Chumba chake kilipakana na kiwanda cha kubangua korosho, naye alikuwa mbanguaji humo humo, na lori la usiku halikuwahi kuja. Basi akamfunga mtoto mgongoni, akatoka kuchungulia.

Akaona watu wanashusha kitu kikubwa kilichofunikwa turubai. Msimamizi, Bwana Mponda, akamwona.

"Mama Twalibu, hulali?"

"Mtoto, bwana. Kitu gani hicho?"

Mponda akamvuta pembeni. "Mashine ya kubangua. Ikishafungwa, kazi ya mikono basi. Atatakiwa wa kuiendesha. Wewe funga mdomo, sitaki fujo. Nitakukumbuka."

Usingizi ukampaa. Aliogopa, halafu hofu yenyewe ikageuka tamaa, maana moyo wa mtu ndivyo ulivyo: akajiona amevaa koti la buluu, anabonyeza vitufe, Twalibu anasoma, moshi na kukaa chini kutwa vimekwisha.

Sasa, Somoe alikuwa na shoga yake, Asumini. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza, na mwenye kunyonyesha hashiki ganda, asije akamgusa mtoto. Ndiyo ada ya wanawake wa pale: mwenzako anakubangulia fungu lako, nawe unamenya ngozi ya ndani ya mafungu yote mawili, lako na lake. Tangu Twalibu azaliwe, Asumini alibangua mafungu mawili, na vidole vyake vilikuwa vyeusi, vimechubuka.

Wiki ile ile Asumini akaja na habari. "Shoga, chuo cha ufundi pale chini wanafundisha wanawake mambo ya mashine. Bure, asubuhi, msimu huu tu. Tukaombe ruhusa?"

Somoe akawaza moyoni. Huyu ni mwepesi wa kushika mambo. Akienda, nani atamchagua yeye? Na yeye mwenyewe akienda, si watu wataulizana kaona nini?

"Sisi na mashine wapi na wapi?" akasema, akicheka. "Uzee huo ukakae dawati moja na watoto wa watu?"

"Uzee wa nani? Nina binti wa kuozesha, nami siku hiyo nataka hina ikae kwenye vidole hivi. Hapa haikai."

"Korosho zipo, Asumini. Tubangue."

Asumini akamtekenya mtoto, mtoto akacheka. "Haya. Wewe huendi, na nikienda mie, nani atakubangulia?"

Akabaki.

Msimu ulipokwisha, turubai likaondolewa. Wanawake wakaitwa uani, wakaambiwa kazi ya mikono ndiyo mwisho. Kisha wakashuka garini wasichana wageni, hakuna aliyewajua, wote na makoti ya buluu.

Somoe akamwachia Asumini mtoto, akamkimbilia Mponda. "Bwana, uliniahidi."

"Na nilikutaja. Tajiri mwenye kiwanda akauliza, kasomea? Nikasema hapana." Mponda akatikisa kichwa. "Mama Twalibu, mimi nilikuonyesha mashine kwa macho yako usiku ule, na chuo kipo hapo chini, bure. Nikajua utakwenda. Tajiri alikuwa tayari kumchukua kila atakayetoka chuoni, na hapa hakutoka hata mmoja. Ndipo akaagiza hawa."

Akaenda zake. Somoe akageuka, akamkuta Asumini nyuma yake, Twalibu mikononi. Alikuwa amesikia yote.

"Kumbe ulijua," Asumini alisema, wala hakupaza sauti.

Somoe akaanza: nilikuwa naogopa, mtoto mdogo, baba yake hayupo, nilidhani nafasi ni moja, nilidhani, nilidhani.

Uani wenzao walikuwa wanalia, na mmoja anauliza kama kuna aliyekuwa na habari. Asumini akasikiliza kidogo, kisha akamkabidhi Somoe mtoto wake.

"Wakijua hawa, hutapata wa kukushikia mtoto mji mzima. Nenda nyumbani, Somoe. Sitamwambia mtu mwingine."

Funzo: Ukiiona kesho kabla ya wenzako, waamshe mkajifunze pamoja, maana aliyemfungia mwenzake mlango ili apite peke yake hukuta naye amejifungia nje.