Kapteni Kifaru na Mstari Usiopinda

Paukwa!

Pakawa!

Mliokaa mbali, sogeeni.

Tumesogea!

Kaondokea nani leo?

Kaondokea mwenye pembe, kapanga mawe kakaa.

Na mawe yakasemaje?

Mawe hayasemi. Sema wewe!

Haya, nitasema polepole, maana maneno yanayokimbia hujikwaa.

Hapo kale, wanyama walipokuwa na serikali, alikuwapo Kifaru mmoja, askari wa Mfalme Simba. Alianza kazi kwa kusukuma mizinga. Siku moja katikati ya vita mkubwa wake akapiga filimbi, rudini nyuma! Wote wakarudi. Kifaru hakurudi. Si kwamba alikuwa shujaa, la. Hakujua kugeuka tu. Akaenda mbele, gudu, gudu, gudu, akapasua ukuta wa boma la adui, akatokea upande wa pili na dirisha shingoni. Adui walipoona vile wakatawanyika. Kifaru akavishwa nishani, akaitwa Kapteni.

Mfalme Simba akasema, "Huyu hajui kona. Mpeni mnyororo akapime nchi."

Ndivyo Kapteni Kifaru alivyokuwa mpimaji na mchora mipaka. Akapewa mnyororo mrefu wa kupimia, ukaburutwa na Nyumbu. Akapewa darubini ya miguu mitatu, maana macho yake yalikuwa hafifu. Akapewa na karani, ndege mdogo mwenye domo jekundu, aliyekaa mgongoni mwake akimlia kupe na kumwangalizia adui.

Akapima huku, akapima kule. Upande huu wa Mfalme Simba, upande ule wa binamu yake mfalme, Simba wa nchi ya pili. Kila alikopita alikata. Kwa Mama Swala alikata malisho, maziwa yakabaki huku, mtoto akabaki kule. Kwa Mzee Kobe alipita juu ya mzee mwenyewe amelala. Kichwa kikawa raia wa Simba, mkia ukawa raia wa binamu. Mzee Kobe akitaka kujikuna, sharti aombe ruhusa.

Kwa sababu sheria ilikuwa hii: kuvuka mpaka ni kwa cheti. Na cheti kilitolewa upande wa mfalme tu, penye meza ya Kapteni Kifaru. Asiye na cheti alipewa pembe.

Kapteni alikuwa na desturi nyingine. Mfalme wake alikuwa mkono wa kulia wa mstari daima. Lakini yeye na Nyumbu wake walitembea mkono wa kushoto. Kwa nini? Ili wakikanyaga nyasi, wakanyage nyasi za binamu. Shikeni hilo, tutalirudia.

Basi ukatakiwa mpaka mpya, uanzie kwenye uwanda wenye mkunazi mmoja, uende hadi ziwani. Katika uwanda huo alikaa Bi Kalunguyeye, mdogo kama kifuu cha nazi, miiba mgongoni, subira moyoni. Alikuwa mjane. Eda yake ilikuwa imekwisha juzijuzi tu. Mumewe alizikwa chini ya ule mkunazi, na kila asubuhi, akiisha kusali, Bi Kalunguyeye alichukua maji akanywesha mrehani uliopandwa kaburini. Akasoma Fatiha. Kisha akakaa akampa marehemu habari za mtaani, nani kaoa, nani kagombana na nani, maana enzi za uhai wake marehemu alipenda sana habari. Mwenyezi Mungu amrehemu, na wenu, na wangu.

Asubuhi moja akakuta darubini ya miguu mitatu imesimama njiani. Pembeni, mkono wa kulia, ilikuwapo meza na mhuri juu yake.

"Shikamoo, Bwana Kapteni."

"Nani huyo? Karani, ni adui?"

"Si adui, bwana," akasema ndege. "Ni Kalunguyeye."

"Marahaba. Toka kwenye mpaka."

"Mpaka uko wapi, bwana?"

"Hapo ulipokaa."

Bi Kalunguyeye akatazama kulia, akaona shimo lake. Akatazama kushoto, akaona mkunazi.

"Bwana, nyumba yangu iko huku, na mume wangu yuko kule."

"Mwambie ahame."

"Amekufa, bwana."

"Basi yeye hana haja ya cheti. Mwenye haja ni wewe. Njoo mezani kwangu. Cheti ni kimoja kwa mwaka."

"Kwa mwaka! Nami humtembelea kila siku. Huwezi kuupinda mstari kidogo tu, kama unene wa mwiba wangu?"

Kifaru akafura. "Kupinda? Mimi? Tangu nizaliwe sijapinda! Niendako mimi ndiko kulikonyooka."

Bi Kalunguyeye akaenda kando, akajikunja akawa mpira, akalia kidogo. Kisha akaomba, "Ewe Mola wangu, huyu umemnyima shingo ya kugeuka. Nipe mimi akili ya kumgeuza." Akafuta pua, akarudi.

"Bwana Kapteni, yale marundo ya mawe ya mpakani hujengwa na nani?"

"Na wenyeji. Rundo linajengwa mbele, linapakwa chokaa, mimi nalitazama kwa darubini, nalifuata. Tena si rundo, ni bikoni."

"Basi nitakujengea mimi hizo bikoni."

"Wewe? Na kimwili hicho?"

"Mawe ni madogo, nami ni mdogo. Tutaelewana."

Kifaru akacheka hata kupe wakamdondoka. "Jenga, bibi, jenga."

"Lakini kuna neno naona haya kulisema."

"Sema."

"Mkunazi ule una kunazi tamu kama tende. Mstari ukipita kulia kwake, kunazi zote atazila binamu ya mfalme."

Mdomo wa Kifaru ukacheza. "Na ukipita kushoto kwake?"

"Zitakuwa za upande wa mfalme. Na upande wa mfalme nani mwangalizi?"

"Mimi."

"Basi mimi sijasema kitu."

Kifaru akatazama mbali, kama mtu anayefikiri mambo ya dini. "Jenga rundo kushoto kwake. Lakini sikupinda!"

"Nani kasema umepinda, bwana? Mkunazi ndio uliosogea."

Rundo likajengwa. Mnyororo ukaburutwa, chakacha, chakacha. Kifaru akashindilia kigingi kwa pembe, ndi!

"Karani, kuna adui?"

"Hakuna adui, bwana."

"Basi mstari umenyooka."

Na kaburi likawa upande mmoja na nyumba. Bi Kalunguyeye akasema Alhamdulillahi, akashika njia ya kwake. Hakufika mbali. Akamsikia Kifaru akimwambia karani, "Hivi vipindo si kitu. Nikifika ziwani, mwisho wa mstari, nitarudi na mnyororo niunyooshe wote. Kunazi nitakuwa nimekwisha kula."

Miiba ikamsimama Bi Kalunguyeye. Akawaza. Kumbe mstari hunyooshwa ukifika mwisho. Basi dawa yake ni moja, usifike mwisho.

Kila adhuhuri Kifaru alilala topeni akikoroma, khoro, khoro. Saa hiyo Bi Kalunguyeye alikwenda mbio kwa Mzee Kobe.

"Mzee wangu, nisaidie kujenga mstari usio na mwisho."

"Mstari usio na mwisho umeuona wapi, mwanangu?"

"Kwako. Ukingo wa gamba lako unaishia wapi?"

Mzee Kobe akanyoosha shingo, akatazama gamba lake huku, akatazama kule. "Nusu yangu imeelewa," akasema. "Nusu nyingine inangoja ruhusa." Kisha akaangua kicheko, akaenda kumwita Mama Swala, na Mama Swala akawaita wengine wote waliokatwa na mnyororo.

Wakajenga. Rundo hili, na lile mbele yake, kushoto kidogo. Kidogo tu, kama unene wa mwiba.

Kifaru akaamka. Bi Kalunguyeye akasema, "Bwana, naona haya kulisema. Pale kulia pana migunga yenye majani mabichi. Mstari ukiegemea kushoto kidogo, yote ni ya upande wa mfalme."

"Jenga kushoto! Lakini sikupinda!"

"Hukupinda, bwana. Migunga ndiyo iliyosogea."

Chakacha, chakacha. Ndi!

"Karani, kuna adui?"

"Hakuna adui, bwana."

"Basi mstari umenyooka."

Wakaenda. Bi Kalunguyeye akasema, "Bwana, naona haya kulisema. Pale kulia pana tope zito, jeusi, la baridi."

"Jenga kushoto!"

"Tope limesogea, bwana."

Chakacha, chakacha. Ndi!

"Bwana, naona haya. Pale kulia pana kilima ambacho hakijapewa jina."

"Hakina jina? Kiite Kilima cha Kifaru! Jenga kushoto!"

Chakacha, chakacha. Ndi! Wakaenda hivyo, kulia kukazidi kunenepa, kushoto kukazidi kukonda, na Kifaru akazidi kutabasamu. Alikwisha kumnyang'anya binamu ya mfalme migunga yote na matope yote.

Asubuhi ya pili, mara akasimama. "Wewe bibi! Jana asubuhi tulipoanza jua lilikuwa machoni mwangu. Leo ni asubuhi vilevile, nalo liko mkiani. Mbona?"

Mama Swala akashika pumzi. Mzee Kobe akaingiza kichwa ndani. Bi Kalunguyeye naye moyo ukampiga, ndu ndu ndu, akamkumbuka marehemu na mrehani wake.

"Jua, bwana?" akasema polepole. "Jua lenyewe si halijapimwa? Linakwenda linavyotaka."

Kifaru akatikisa kichwa kukubali. "Kweli. Hiyo ni kazi ya mwaka ujao."

Wakaendelea. Hata mwisho, Kifaru akatia jicho kwenye darubini, akaona rundo mbele yake, kubwa, jeupe, limepangwa vizuri, na kigingi kimesimama juu yake.

"Mashallah! Nani kajenga rundo zuri namna hii?"

"Wewe, bwana," akasema Bi Kalunguyeye. "Ndilo rundo lako la kwanza."

Kifaru akasogea, akanusa. Harufu ni yake. Akagusa kigingi. Alama ya pembe ni yake. Nyumbu wakaangusha mnyororo, kwaa! Akainua mguu avuke kwenda mezani kwake akapumzike.

"Ngoja, bwana," akasema Bi Kalunguyeye. "Cheti?"

Mguu ukabaki juu.

"Mimi ndiye mwenye kutoa vyeti!"

"Naam. Lakini vyeti vinatolewa upande wa mfalme, na upande wa mfalme ni kulia. Kulia ndiko tuliko sisi, na meza yako, na mkunazi, na dunia yote iliyobaki. Kushoto ni hapo uliposimama wewe. Uko nchi ya binamu, bwana. Ndiyo hiyo tu uliyombakishia."

Mama Swala akamkumbatia mwanawe, maana sasa wote walikuwa kulia. Mzee Kobe akajikuna mkia bila kumwomba mtu ruhusa, krr, krr, krr, akafumba macho kwa raha.

"Karani!" Kifaru akanguruma. "Kwa nini hukuniambia?"

"Uliniuliza adui, bwana. Mawe hukuniuliza."

Nyumbu wakatazamana. Mmoja akasema, "Sisi hatuna darubini. Mpaka hatuuoni." Wakavuka, tipu tipu tipu, wakaenda zao kula.

Kifaru akayatazama mawe. Yalimfika magotini tu. Yeye aliyepasua ukuta wa boma!

"Vuka basi, bwana," akasema Bi Kalunguyeye. "Hapana atakayekushika. Lakini siku mpimaji atakapovuka mpaka wake bila cheti, sote tutajua kwamba yalikuwa mawe tu."

Kifaru akawaza mpaka jua likapoa. Akitoka, mipaka yote ya maisha yake ni mawe tu, na nishani yake ni bati. Akikaa, yeye ni Kapteni. Akashusha mguu, polepole, upande wa kushoto.

"Mpaka ni mpaka," akasema.

"Ndivyo ulivyotufundisha, bwana," wakajibu wote.

Mfalme Simba alipopelekewa ramani, akaona dunia nzima ni yake isipokuwa kiduara kimoja, akafurahi mno. Akamletea Kapteni nishani ya pili. Walimrushia juu ya mstari.

Hata leo mkimwona kifaru, mtamwona peke yake, anazunguka mpaka wake, na hapa na pale ameacha rundo. Siku hizi si la mawe. La nini, msiniulize mbele ya chakula. Na ndege wake yuko mgongoni bado, akiulizwa kama kuna adui.

Ama Bi Kalunguyeye, siku ile mstari ulipofungwa, kesho yake asubuhi alichukua maji, akanywesha mrehani, akasoma Fatiha. Kisha akakaa chini ya mkunazi, akajiegemeza vizuri.

"Mume wangu," akasema, "leo nina habari."

Basi funzo lake, wanangu, ni hili. Waheshimuni wapimaji. Msiyaguse mawe ya mpakani. Na mtu akikwambieni yeye tangu azaliwe hajapinda, mwaminini, mfuateni, maana aendaye moja kwa moja hufika mbali.

Paukwa yangu imefika ziwani. Ikiwa tamu, gaweni kulia na kushoto, haina cheti. Ikiwa chungu, ilikuwa tamu nilipoiacha, labda imesogea.