Siku Kobe Aliposhindwa Kusuluhisha

"Toka nyumbani kwangu!"

"Kwako? Nani aliichimba?"

"Mimi ndiye ninayeijaza!"

Ngojeni, nimeanzia katikati. Tusalimiane kwanza.

Naja!
*Karibu!*
Nimebeba!
*Tua!*
Ni kizito!
*Tusaidiane!*

Basi, waliokuwa wakigombana ni Fisi na mkewe Bi Buku, yule panya mkubwa mwenye mkia mrefu. Bi Buku alichimba nyumba chini ya ardhi, kwaru kwaru kwaru, akaweka akiba ya karanga na mihogo. Fisi akala, kapu kapu kapu. Tumbo likakua. Bi Buku akaupanua mlango, kwaru kwaru, ili mumewe apite. Fisi akala tena, kapu kapu. Mlango ukapanuliwa tena.

Siku hiyo Fisi alikuwa amekula hata mbegu za kupanda. Bi Buku akasema, "Nataka talaka."

Fisi alicheka mpaka akakaa chini. "Nenda! Ila nyumba inabaki yangu. Utatoka na mkia wako tu."

Bi Buku akapanda kilimani, kwenye mahakama ya Tembo. Jamani, mahali pale! Ndege wanatua bila kupiga mbawa. Upepo ukifika, unasimama. Tembo alikuwa mama mtu mzima, miguu kama mashina ya miti, na alipopumua, fuuuu, hata vumbi lililala kwa adabu. Bi Buku hakufika hata kwenye ukucha wake. Lakini alisimama pale, mdogo vile, akaeleza shida yake yote bila kukatisha.

Tembo akainama taratibu, mpaka jicho lake likawa mbele ya pua ya Bi Buku.

"Binti yangu, sheria haivunji ndoa kwa hasira ya asubuhi moja. Kwanza nendeni kwenye baraza la Kobe, awasuluhishe. Akishindwa, aje hapa aseme kwa mdomo wake, 'Nimeshindwa.' Nikiridhika kwamba ndoa imekufa kweli, nitaivunja. Na mali nitaigawa kwa kutazama jasho la kila mmoja."

Fisi aliposikia hayo akagaagaa kwa furaha. Kobe hakuwahi kushindwa! Alikuwa akisuluhisha polepole, polepole, mpaka wagomvi wanachoka na kurudiana ili wakalale.

Barazani Fisi akatoa machozi, churuzi churuzi. "Babu, nampenda mke wangu kuliko mfupa!"

"Umesikia, mjukuu wangu?" Kobe akamuuliza Bi Buku. "Mwenzako analia."

Bi Buku akainamisha macho, masharubu yakimtikisika. "Nimesikia, babu. Nitarudi kwake. Ila tufuate desturi. Wanaopatana hula sinia moja, na msuluhishi hula nao. Nitapika mimi."

Akapika ugali, akapika kunde za karanga. Akamwekea Kobe pembeni bakuli la mchicha wa nazi, kitu anachokipenda kuliko vyote. Na kikao kilikuwa kirefu, Kobe hakuwa ametia kitu tumboni tangu asubuhi.

"Karibuni," akasema Bi Buku.

Kobe akaanza kunyoosha shingo. Ikatoka kidogo. Kapu! Fisi akamaliza fungu lake. Shingo ikatoka kidogo tena. Kapu! Fungu la mkewe. Shingo ikafika ukingoni mwa bakuli, mdomo ukafunguka...

Kapu! Mchicha, bakuli, na mwiko.

Kobe akairudisha shingo yake ndani, yote. Kisha kutoka ndani ya gamba likasikika neno ambalo msitu mzima haukuwahi kulisikia:

"Nimeshindwa."

Akalibeba neno hilo mpaka kilimani, akalisema tena mbele ya Tembo.

"Fisi," Tembo akauliza, "jasho lako katika nyumba hii ni lipi?"

"Tumbo, Mheshimiwa. Bila tumbo langu mlango usingepanuliwa."

Hata masikio ya Tembo yaliacha kupepea. Kisha, fuuuu. "Ndoa imevunjika. Nyumba ni ya aliyeichimba."

Basi. Hakuna aliyeng'atwa. Bi Buku alibaki amesimama, maana hakuwa amejua kwamba maneno matupu, yasiyo na meno wala kucha, yanaweza kumtoa Fisi ndani ya nyumba.

Nimetua!
*Tumepokea!*
Kilikuwa kizito?
*Tumegawana!*

Funzo lake, kama anavyolisimulia Fisi mwenyewe: wasichana, mke asibishane na mumewe. Amwache ale ashibe. Na mambo ya sheria hayamhusu, yeye apike tu.

Ah, nimesahau. Bi Buku alirudi nyumbani akaujaza mlango udongo, paa paa paa, mpaka ukamtosha yeye peke yake. Kesho yake akasikia mtu anakwaruza. Kutazama, pua ya Fisi imeingia, pua tu, inanusa.

"Hodi, mama. Leo tunasuluhishwa saa ngapi?"